Puf moja ina ndugu yake: kutafuta kosa la baruti kwenye risasi za bastola ulizojaza mwenyewe

Saa moja ya usiku Arizona ni saa kumi na moja alfajiri Tanga. Nilikuwa ndiyo kwanza narudi msikitini, kusi linavuma na mchanga wake Ngamiani nzima, simu ikatetemeka mfukoni. Mpwa wangu.

“Shikamoo mjomba. Leo kiwanjani risasi moja imelia puf, kama mtu kafungua soda. Bastola haikunisukuma hata kidogo. Nimeacha hapohapo. Nimebakiwa na 43 za mkupuo uleule. Nizimalize tu?”

Marahaba, na usizimalize.

Nilikaa kule miaka 11. Mzee mmoja wa klabu ya shabaha alinifundisha kujaza maganda upya, na niliporudi nyumbani meza yangu, presi yangu (mashine ya kujazia) na mizani yangu vilibaki kwa huyu kijana. Humu mna yale niliyomjibu kwa siku tatu, nimeyapanga kidogo kwa ajili ya Waswahili wengine walioko huko wenye meza kama hiyo gereji. Kule Marekani sheria ya shirikisho haimtaki mtu awe na leseni ili ajaze risasi za kutumia mwenyewe. Hapa kwetu ni jambo jingine: silaha na risasi zina sheria yake ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa. Anayesoma akiwa Tanga asome kama hadithi ya mizani, maana nusu yake ndiyo hiyo.

Maneno kwanza, tusije tukapotezana. Risasi moja nzima ina vitu vinne: ganda, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Baruti hupimwa kwa greini. Greini 7,000 ni pauni moja, na gramu moja ni greini 15.43. Risasi ya milimita 9 hula greini chache tu, mara nyingi kati ya 3 na 7 kutegemea aina ya baruti na uzito wa kichwa. Nusu greini ikizidi, unaweza kuwa umeshatoka kwenye kitabu cha vipimo vya kujazia.

Mlio mdogo, mkono haukusukumwa

Fataki peke yake, bila baruti yoyote, ina nguvu ya kukichomoa kichwa kwenye ganda na kukisukumia mtutuni. Nguvu ya kukitoa upande wa pili haina. Kwa hiyo ukisikia puf, hesabu kwamba mtutu umeziba mpaka uthibitishe vinginevyo. Risasi ya pili ikipigwa nyuma ya kichwa kilichokwama, mtutu huvimba kama nyoka aliyemeza panya, au hupasuka, na vidole vyako viko papo hapo.

Bastola ya kujipakia mara nyingi hushindwa kujipakia baada ya puf, na hilo limewaokoa wengi. Lakini mkono una mazoea. Tumefundishwa kwamba bastola ikigoma, piga kitako cha magazini, vuta slaidi, fyatua tena. Hapa mazoezi hayohayo ndiyo hatari. Mpwa wangu aliacha, na nilimsifu kwa hilo kabla ya kumkaripia kwa mengine.

Mdomo ubaki unaelekea shabaha. Hesabu sekunde 30, kwa kuwa baruti au fataki yenye unyevu huweza kuchelewa kuwaka. Toa magazini, toa kilichomo chemba, hakikisha bastola ni tupu kwa jicho na kwa kidole, halafu pitisha ufito mwembamba wa mti au shaba mtutuni. Ukipita wote, salama. Ukigota, kichwa kimo humo, na hutolewa kwa kugongwa taratibu, si kwa kufyatuliwa. Kama hujawahi, mpelekee fundi bunduki.

Baada ya hapo ndipo unaanza upelelezi. Lichukue ganda la ile puf ulitazame ndani, uitazame na chemba. Ukikuta ganda karibu safi, lina moshi mwembamba tu wa fataki, halikuwa na baruti kabisa: ulilirukia. Ukikuta chembe nyingi za rangi ya manjano zisizoungua na zimegandamana, baruti ilikuwemo ila ililowa, mara nyingi kwa mafuta ya kulainisha maganda ambayo hayakufutwa. Ukikuta chembe chache kavu, ilikuwemo pungufu.

Yeye alikuta chembe chache kavu. Hapo ndipo nilipoacha kunywa chai.

Baruti haipotei. Kipimio cha mkono, kile cha kuvuta mpini, kina tundu linalojaa kutoka juu na kumwaga chini. Baruti ya vipande bapa vikubwa huweza kushikana ikajenga daraja ndani ya bomba. Ganda lililo chini linapata kiduchu. Ukivuta mpini kwa ganda linalofuata, daraja linavunjika, na ganda hilo linapata kipimo chake pamoja na deni la mwenzake. Kwa hiyo puf yenye chembe chache ni habari ya ganda jingine, lililojaa kupita kiasi, ambalo bado limo ndani ya boksi. Puf umeshaisikia. Ndugu yake ndiye wa kutafutwa.

Hata aliyeliruka ganda kabisa ajiulize vivyo hivyo, hasa kwenye presi ya kuzunguka, ile yenye sahani inayoyapeleka maganda hatua kwa hatua. Ukikatiza mpini katikati kisha ukauanza upya bila kugeuza sahani, ganda moja humwagiwa mara mbili; ukiigeuza bila kumwaga, jingine hupita tupu. Mimi yalinikuta. Mke wangu alinipigia kutoka Tanga usiku wangu, asubuhi yake, bei ya saruji imepanda na fundi anataka jibu. Niliongea dakika 20, nikarudi mezani nikaendelea pale nilipodhani niliishia. Siku hizi namwambia kila mtu: ukishikwa na simu, mwaga baruti yote ya maganda yaliyo wazi uirudishe koponi mwake, uanze upya. Inachosha. Ndiyo.

Je, unaweza kumtambua ndugu huyo kwa kupima risasi zilizokwisha fungwa? Kila mtu hufikiri hivyo, na mpwa wangu alifikiri hivyo kwanza. Tatizo ni kwamba maganda ya milimita 9 ya viwanda mbalimbali hutofautiana kwa greini kadhaa, na vichwa navyo hutofautiana kidogo. Ukiwa na maganda mchanganyiko, greini 4 za baruti zinaweza kujificha ndani ya tofauti za shaba na usizione. Mizani itakuonyesha namba, wewe utaisoma unavyotaka. Njia ya uhakika ni moja: kung’oa vichwa vyote 43 kwa nyundo ya kung’olea, kila baruti ikapimwa peke yake. Ni kazi ya usiku mmoja. Alinung’unika, nikamwacha anung’unike.

Mkono umesukumwa kuliko kawaida, maganda yanaruka mbali

Hapa wengi huinama chini, wakaokota ganda na kuangalia fataki. Imebapika? Imetoboka? Ganda limevimba karibu na kitako? Ndizo dalili wanazotajiwa, na kwenye bunduki ndefu zina maana yake. Kwenye bastola huchelewa mno.

Nitakueleza kwa namba. Taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya risasi, SAAMI, imeweka kikomo cha shinikizo la .38 Special, aina ya risasi ya rivolva, kuwa pauni 17,000 kwa inchi ya mraba. Cha .357 Magnum, ndugu yake mwenye nguvu zaidi, ni 35,000. Ganda la .357 ni lile la .38 lililorefushwa milimita 3 na kidogo, na fataki zake zina umbo lilelile. Sasa fataki ya .357 iliyopigwa kwenye 35,000 kwa kawaida hutoka inaonekana salama tu. Maana yake, risasi yako ya .38 inaweza kufika mara mbili ya kikomo chake ndani ya rivolva kuukuu ya mzee wako, na fataki ikakutazama bila kukunja uso. .45 ACP nayo, aina nyingine ya risasi ya bastola, yenye kikomo cha 21,000, iko hivyohivyo. Milimita 9 kikomo chake ni 35,000, kwa hiyo huko dalili huja mapema kidogo, lakini “kidogo” hiyo usiitegemee.

Na fataki iliyobapika si lazima iwe baruti. Baadhi ya fataki ni laini kuliko nyingine. Ndiyo maana nasema ukihisi kusukumwa, amini mkono, acha kupiga, kisha rudi mezani. Sababu za kawaida naziweka kwa mpangilio ambao mimi ningezitafuta.

Kwanza kopo. Baruti iliyo kwenye kipimio ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi yako? Mezani liwepo kopo moja tu, mengine yote kabatini. Majina yanafanana kwa makusudi ya kukutia matatani, nadhani: IMR 4831 na H4831 za bunduki ndefu zina namba moja na si baruti moja. Kwa upande mwingine HP-38 na Winchester 231 za bastola zina majina mawili na ni baruti moja. Huwezi kukisia, soma. Na baruti iliyosahauliwa ndani ya kipimio tangu mwezi uliopita, usiyoijua jina, haina kazi tena. Ipeleke nje, uitandaze kwa mstari mwembamba kwenye udongo mtupu, uiwashe ukiwa mbali.

Pili urefu wa risasi. Kichwa kilichozama zaidi hupunguza nafasi ya ndani, na kwa ganda dogo kama la milimita 9 nafasi hiyo ndiyo kila kitu. Chini ya milimita moja ya kuzama inaweza kupandisha shinikizo hata mara mbili. Pima kwa kalipa. Urefu wa juu kabisa wa milimita 9 ni milimita 29.69, lakini unaotakiwa ni ule ulioandikwa pamoja na kichwa chako kitabuni. Kisha ikandamize risasi kwa kidole gumba kwenye ukingo wa meza na uipime tena. Ikifupika, ganda halikishiki kichwa, na bastola itakizamisha yenyewe kila inapopakia. Kosa hilo hulioni kwenye mizani hata ungekuwa na mizani ya malaika.

Tatu kubadili kitu kimoja ukidhani ni kilekile: kichwa cha uzito uleule lakini umbo jingine, fataki za magnum badala ya za kawaida, kopo jipya la mkupuo mwingine. Ukibadili, rudi chini. Anza asilimia 10 pungufu ya kiwango cha juu cha kitabu, upande taratibu. Kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa, siyo alichokuambia jamaa wa njia ya tatu pale kiwanjani.

Nne ndiyo mizani.

Mizani inakupa namba mbili kwa kitu kimoja

Tulipofika hapa nilimwomba mpwa wangu anionyeshe meza kwa video. Nikaona mizani mpya, nzuri, inang’aa. Ile yangu ya mkono mmoja, isiyotumia umeme, iko juu ya kabati ina vumbi.

“Hii umeitoa wapi?”

“Nimeagiza mtandaoni mjomba. Inapima mpaka 0.01.”

“0.01 ya nini?”

Kimya. Ya gramu.

Mizani ya hatua ya 0.01 gramu ndiyo ile anayotumia sonara mjini kwetu, na kwa pete ya harusi inatosha. Lakini 0.01 gramu ni greini 0.15. Kwa ujazo wa greini 4.4 hatua moja tu ni zaidi ya asilimia 3, na mizani ya namna hiyo inaweza kukosea hatua moja juu au moja chini bila kuhesabika kuwa mbovu. Ukibonyeza kitufe ikakuandikia greini, inakupigia hesabu tu. Macho yake yanabaki yaleyale. Vitabuni, kati ya ujazo wa kuanzia na ujazo wa juu wa bastola mara nyingi pana nusu greini. Unatembea kwenye ukuta huo na miwani ya mtu mwingine. Tafuta inayosoma 0.1 greini kwa uhakika, au ya vito inayosoma 0.001 gramu.

Kisha nikasikia mvumo. Pangaboi. Ni Julai, gereji ya Arizona ni tanuri, nani angemlaumu. Lakini nendeni mkamtazame sonara anavyofanya kazi. Mizani yake imo ndani ya kisanduku cha kioo, na anapopima hufunga kimlango, na mtoto akipita mbio karibu na meza husubiri. Upepo usiouhisi shavuni huinua sahani ya mizani. Sonara anaogopa hasara ya dhahabu.

Mengine yanayoipotosha mizani ya umeme ni madogo na yanajumlika. Haikupashwa moto: iwashe nusu saa kabla. Meza haiko sawa. Simu imelazwa ubavuni mwake. Betri imechoka. Umeme tuli wa hewa kavu, na hewa ya Arizona ni kavu mno. Sisi wa pwani hatuujui, kule ukigusa kitasa kinakurusha. Sahani ya plastiki yenye umeme tuli hushikilia chembe na kusogeza namba.

Lipo moja wasilolijua wengi. Mizani nyingi za umeme hujirudisha zenyewe kwenye sifuri zikihisi mabadiliko ya polepole, ili kufuta mtelezo wao. Sasa wewe unadondosha baruti chembe kwa chembe, nayo inazihesabu chembe zako kuwa mtelezo. Inabaki 4.2, 4.2, 4.2, na sahani inazidi kujaa. Dawa ni kuinua sahani na kuirudisha. Ikirudi na namba nyingine, ilikuwa inakudanganya.

Na jiwe la kujaribia. Hiyo mizani ilikuja na jiwe la gramu 50, na kijana aliridhika kwamba inasoma 50.00 safi. Gramu 50 ni greini 772. Kuijaribu kwa jiwe hilo ili upime greini 4 ni kama kuhakiki rula ya shule kwa kupima kutoka Tanga mpaka Muheza. Nunua vijiwe vilivyohakikiwa vilivyo karibu na uzito wako: greini 2, 5, 10. Weka cha 5 mwanzo wa kazi, katikati, na mwisho. Kikisoma tofauti mwishoni, vyote ulivyojaza tangu kilipokuwa sawa viko mashakani, na umwage.

Ile ya mkono, yangu, haina mambo mengi. Ifute vumbi kwenye makali yanapolalia, angalia chembe za chuma zisinase kwenye sumaku yake, isome jicho likiwa usawa wa mshale. Nilimwambia aiteremshe kabatini.

Kipimio hakitoi sawa

Madaraja nimeshayasema. Mengine: mpini unavutwa leo kwa nguvu, kesho kwa ulaini, bomba limebaki robo hivyo uzito wa juu umepungua, baruti ya mviringo inatiririka vizuri, ya bapa inagoma. Kuna wanaomwaga mara kumi kwenye sahani, wakapima, wakagawa kwa kumi. Ni sawa kwa kurekebisha skrubu. Si sawa kwa kuthibitisha, kwa maana greini 1.0 na greini 7.8 wastani wake ni 4.4 maridadi kabisa. Pima moja moja pia.

Kisha kibao. Kile cha matundu 50, kama cha bao la kete lakini mistari mitano ya kumi. Maganda yote yasimame humo yakiwa wazi, kabla kichwa hata kimoja hakijawekwa, uyapitie na tochi kutoka juu, mstari kwa mstari. Jicho halipimi greini, lakini linajua ganda lipi limejaa kuliko jirani zake na lipi lina kina. Ndiyo sababu napenda baruti yenye ujazo mkubwa, ile ambayo ukiimwaga mara mbili inafurika mezani. Baruti nzito ya kasi huchukua nafasi ndogo sana ndani ya .38 Special, na mara mbili zake hukaa humo kwa adabu, hata tatu.

Kopo lina harufu ya kuchoma pua

Baruti nzima hunuka kama dawa ya kuyeyushia rangi, si vibaya. Iliyoanza kuharibika hunuka asidi, na hutoa vumbi jekundu kama kutu. Usiipime, usiichanganye na nzima. Itoe nyumbani leo. Joto ndilo linaloiua, na gereji ya Julai ni mahali pabaya pa kuihifadhi. Chumba cha ndani chenye baridi ni bora, ndani ya kopo lake lenye jina lake.

Kipima mwendo kinaruka

Kama ujazo kwenye mizani ni sawa lakini kasi ya kichwa inayosomwa na kipima mwendo inacheza sana risasi hadi risasi, tazama ubanaji wa mdomo wa ganda kwanza, fataki baadaye. Kasi inayopita ile ya kitabu kwa mtutu wa urefu huo ni shinikizo linalopita la kitabu. Hakuna bahati ya bure hapo.

Siku ya tatu, saa kumi na moja ya alfajiri tena, zikaja picha. Vichwa 43 kwenye bakuli la plastiki, maganda kwenye kibao, na karatasi yenye namba kwa mwandiko wake wa kuinama. 4.4, 4.3, 4.4, 4.5, ukurasa mzima. Kwenye mstari wa nne, ganda la saba, kalamu imezungusha duara mara tatu: 7.7.

“Umeona mjomba?”

Nimeona. Nikamwambia azime pangaboi, ainue sahani, alipime tena.